Mgongo Hauumi Peke Yake: Msongo wa Mawazo, Mchochota na Kazi ya Utengamao



Kabla sijaanza nina ombi. Yeyote ambaye kiuno kinamsumbua asione haya kusimama, kuegemea ukuta au kuzungukazunguka huko nyuma wakati nazungumza. Sitaona kwamba umenidharau. Nitafurahi.

Shabaha yangu jioni hii ni kuwaonyesha njia ambayo msongo wa mawazo unapitia mpaka ufike kiunoni, mahali ambapo mchochota unaingia katika njia hiyo, na mambo ambayo yanapaswa kubadilika katika vyumba vyetu vya utengamao kwa sababu ya elimu hiyo. Kwa wale ambao neno hili ni geni, utengamao ni huduma ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya kuugua au kuumia: apike, alime, apande daladala, amnyanyue mjukuu. Mchochota nitaueleza nikiufikia.

Naanza na mgonjwa mmoja. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama muuza samaki wa kukaanga. Alikuwa na bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya eksirei, ameifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki ili mafuta yasiipate. Aliishika kama mtu anavyoshika hati ya kiwanja. Alikuwa ameambiwa mahali fulani kwamba pingili zake zimesagika, na tangu siku hiyo alikuwa haiinamii hata ndoo ya maji. Nilimwomba aokote kanga yake iliyoanguka sakafuni. Akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akabana pumzi, akashuka mzima kama ubao. Mgongo haukukunjika hata kidogo. Kazi yote ilifanywa na magoti. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alipokwisha kuinuka na kanga yake mkononi ndipo akaachia pumzi.

Nilimkanda na kumwekea joto kwa wiki sita. Akitoka kwangu ana nafuu, akirudi hali ni ile ile. Wiki ya saba nilikaa na kadi yake nikaisoma vizuri, nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema: siku zake mbaya zote ziliangukia Alhamisi na Ijumaa. Nikamuuliza, “Mama, Ijumaa kuna nini?”

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Ijumaa ndiyo siku ya marejesho, mwanangu.”

Alikuwa amechukua mkopo, ule wa riba kubwa unaoitwa kausha damu, ili kulipa ada ya mtoto. Aliogopa kwamba wakopeshaji watakuja kubeba friza lake, na bila friza hana biashara. Alikuwa akilala saa tano, saa nane yuko macho anaangalia dari. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo, alinijibu kwa upole kabisa: “Nilidhani hapa ni pa mgongo tu.”

Jibu lile sijalisahau, na ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza nanyi leo.

Hoja ya kwanza: picha ya mgongo haisemi yote yanayouma

Maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Mwaka 2020 walikadiriwa watu milioni 619 wenye tatizo hili, na inatarajiwa kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Katika wagonjwa 10 wa aina hii, takriban 9 hawana kidonda, mvunjiko wala ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kwamba ndio chanzo.

Wengi wenu hapa mmewahi kupewa picha na kuambiwa pingili zimekaribiana au diski, yaani mto ulio kati ya pingili, imechakaa. Mwaka 2015 ulitolewa uchambuzi uliokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Watu hao walikuwa wazima, hawakulalamika. Diski huchakaa kama nywele zinavyopata mvi, na ingefaa mgonjwa aambiwe hivyo siku hiyo hiyo anapokabidhiwa bahasha yake.

Hapa lazima niweke tahadhari, na naomba iandikwe vizuri hotuba hii itakapochapwa. Wako wachache ambao mgongo wao unaficha ugonjwa mkubwa, na kwetu ugonjwa huo unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza tangu 1779 na hadi leo kinawatia watu vibiongo. Ukiona maumivu yanazidi usiku, mwili unakonda, jasho linalowesha shuka, homa haziishi, usisubiri mazoezi; nenda ukapimwe. Anayekunywa maziwa mabichi au kuchunga mifugo amkumbushe daktari kuhusu ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, maana nao hukaa kwenye pingili. Na mtu ambaye miguu inalegea ghafla, au haja ndogo imeziba au inamtoka bila kujijua, au amekufa ganzi sehemu za kukalia, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo. Yote nitakayosema kuanzia sasa yanamhusu mgonjwa ambaye mambo haya yamekwisha kuangaliwa.

Hoja ya pili: mchochota ni mlinzi kabla ya kuwa adui

Ukijikata kwa kisu jikoni, baada ya muda kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba na kinauma. Hayo manne kwa pamoja ndiyo mchochota. Ni askari wa mwili waliokimbilia penye tukio. Mishipa ya damu inatanuka, seli za kinga zinamiminika, zinasafisha uchafu na kuwaita mafundi wa kujenga upya. Zinawasiliana kwa kemikali tunazoziita saitokini. Kazi mojawapo ya kemikali hizo ni kuzifanya neva za mahali pale ziwe nyepesi kuuma, ili kidole kile ukitunze.

Sasa nawauliza: nani hapa hajawahi kuumwa malaria? Nani hajawahi kupata mafua makali? Kumbukeni jinsi kiuno kilivyouma. Hakuna aliyekupiga kiunoni, hukubeba gunia, na mbu hakukuuma mgongoni. Ni zile saitokini, zinazunguka katika damu, zinafika kwenye neva na kwenye ubongo, na kwa pamoja zinakuletea mwili kuuma, uchovu, kukosa hamu ya chakula, kutotaka kuongea na mtu. Kwa hiyo kila mmoja wetu amekwisha kuonja mwilini mwake kwamba mchochota unaweza kuuumiza mgongo ambao haujajeruhiwa. Nikitaka kumwelewesha mgonjwa jambo hili sihitaji kitabu. Namkumbusha homa yake ya mwisho.

Lakini msiondoke hapa mkiuchukia mchochota. Diski inapochomoza na kuibana neva, sehemu iliyochomoza mara nyingi hunywea yenyewe kwa miezi kadhaa, na wanaoifanya inywee ni hizo hizo seli za kinga, zinailamba kidogo kidogo. Mwaka 2022 watafiti wa McGill huko Kanada waliwafuatilia watu 98 waliokuwa na maumivu mapya ya kiuno. Waliopona walikuwa na mwako mkubwa wa seli za kinga katika damu siku za mwanzo. Ambao maumivu yao yaligeuka sugu hawakuwa nao. Panya waliopewa dawa za kuzima mchochota mapema waliumwa kwa muda mrefu zaidi. Huo ni utafiti mmoja, na haukatazi mtu kumeza kidonge akizidiwa. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 bado unaziweka dawa za kundi la diklofenaki miongoni mwa zinazoweza kutumika. Ninachokipinga ni ile tabia ya kununua diklofenaki duka la dawa kila wiki, mwaka mzima, kama mtu anavyonunua sukari. Tumbo linatoboka na figo zinaharibika, na mgongo uko pale pale.

Hoja ya tatu: msongo unamfanya mlinzi asisikie amri

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu, kwa hiyo mniruhusu niende polepole.

Mtu akipatwa na jambo la kutisha, ubongo unatuma ujumbe hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizo zinamwaga homoni. Ya kwanza inaufanya moyo uende mbio. Ya pili ni kotisoli, na hiyo ina kazi nyingi, mojawapo ni kuwaambia askari wa mchochota, “Tulieni, inatosha.”

Nguvu ya amri hiyo ilionekana Septemba 1948 katika Mayo Clinic, Marekani. Daktari Philip Hench alimchoma mwanamke wa miaka 29 sindano ya kotisoni, ndugu yake kotisoli. Mwanamke yule alikuwa na baridi yabisi kali, hata kujigeuza kitandani ni kazi. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa msongo unaongeza kotisoli, na kotisoli inazima mchochota, je, mwenye msongo si ndiye angepona haraka? Kwa msongo wa saa moja, wa kukimbizwa na mbwa, hesabu hiyo inakaribia ukweli. Kwa msongo wa miezi, mambo yanageuka. Fikirieni nyumba ambayo baba anafoka kutwa kucha. Mwezi wa kwanza watoto wanatetemeka. Mwaka wa pili hawageuki hata kumtazama. Ndivyo seli za kinga zinavyofanya. Zinasikia kotisoli kila siku mpaka zinaacha kuitii. Mtafiti Sheldon Cohen na wenzake walilionyesha hili mwaka 2012. Waliwawekea watu wazima 276, wote wa kujitolea, virusi vya mafua puani. Waliokuwa wamepitia msongo wa muda mrefu seli zao zilikuwa na usikivu mdogo kwa homoni ile, na ndio walioelekea zaidi kuugua.

Jambo jingine, na hili huwa linanigusa kila nikilisema kwa sababu ya akina mama ninaowahudumia. Mwaka 1995, huko Ohio, mtafiti Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wa umri kama wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi, upana wa milimita tatu na nusu. Kwa wasio na mzigo kidonda kilipona kwa wastani wa siku 39. Kwa wauguzaji zilipita siku 48 na zaidi. Kisu ni kile kile, kidonda ni kile kile, lakini siku tisa zimeongezeka kwa ajili ya maisha wanayoishi.

Nimekwisha kuona wenzangu wakitikisa kichwa huko nyuma, na wana sababu. Ni kweli kwamba ukimpima damu mtu mwenye mgongo sugu, mara nyingi hukuti mchochota mkubwa. Tafiti zimepishana, nyingine zinaonyesha ongezeko dogo, nyingine hazionyeshi. Kwa hiyo simwambii mgonjwa kwamba damu yake inawaka moto, na simpeleki maabara kutafuta kipimo cha msongo. Nasema mchochota ni daraja mojawapo kati ya maisha ya mtu na kiuno chake. Daraja la pili ndilo nalifikia sasa.

Lakini kabla ya hapo, naomba tusimame wote. Ndiyo, hata mheshimiwa. Nyanyua mikono juu, ishushe. Inama uangalie viatu vyako, usibane pumzi. Asanteni, tukae.

Hoja ya nne: neva zinajifunza hofu

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba uti wa mgongo wenyewe unaweza kubaki katika hali hiyo ya kushtukia unyasi: neva zilizochokozwa kwa muda zinaanza kupiga kelele kwa kitu kidogo ambacho zamani hazikukijali. Usingizi wa mang'amung'amu unazidisha hali hiyo. Wasiwasi unaizidisha. Na mchochota mdogo mdogo, hata usioonekana katika kipimo, unaiongezea kuni.

Mkimkumbuka yule mama na kanga yake, mtaelewa. Alikuwa amebana kila msuli wa mgongo kutwa nzima ili “asizidi kusagika”. Msuli uliobanwa kutwa unachoka na kuuma. Maumivu yanamthibitishia kwamba kweli anasagika. Anabana zaidi. Usiku anahesabu marejesho. Nani angepona?

Hapa nawaomba wenzangu wa afya jambo moja kwa moyo wote. Tusimwambie mgonjwa, “Wewe huna kitu, ni mawazo tu.” Neno hilo ni la uongo kisayansi, na linamwumiza. Anachosikia mtu ni kwamba ameitwa mwongo, au kwamba amerogwa, na kesho hutamwona tena. Maumivu yake ni ya kweli, na njia yanayopita ni ya mwili: ni neva, ni homoni, ni seli za kinga.

Hoja ya tano: mwendo ni dawa, na maswali ni sehemu ya mwendo

Hapo zamani tuliwaambia watu walale. Mwaka 1995 wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu ya kiuno waligawanywa makundi matatu: wengine walale siku mbili, wengine wapewe mazoezi maalumu ya mgongo, wengine waendelee na shughuli zao kadiri walivyoweza. Walioendelea na shughuli ndio waliopona haraka.

Mwendo unagusa pia mchochota. Mwaka 2003, huko Copenhagen, vijana wenye afya walidungwa kiasi kidogo cha sumu ya bakteria, cha kuuamsha mchochota. Walipopumzika mchochota ulipanda. Walipoendesha baiskeli kwa saa tatu, na sindano ikaja karibu na mwisho wa zoezi, haukupanda. Msuli unaofanya kazi hutoa kemikali za kuutuliza mwili, nazo haziuzwi duka la dawa. Na utafiti ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unatufaa sisi wa kipato kidogo, ulichapishwa 2024 kutoka Australia: watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea na elimu kidogo walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, ukichukua mtu wa katikati ya kundi. Wasiopewa, siku 112.

Mtu wa hapa Tanga ana barabara ya kando ya bahari na kivuli cha miembe. Hana haja ya mkanda wa kiuno wa bei mbaya, ambao mwongozo ule wa 2023 unashauri usitumike, sawa na mashine za kuvuta mgongo.

Tulifanyaje kwa yule mama? Siku ya kwanza baada ya mazungumzo yetu hatukumkanda. Nilimwekea kanga juu ya kiti, aiokote huku anapumua. Wiki iliyofuata kanga ilikuwa kwenye stuli. Kisha sakafuni. Alitembea kwa miguu kutoka kituo cha daladala kimoja kabla ya sokoni, kisha viwili. Kuhusu mkopo sikuwa na fedha wala mamlaka, ila nilimpeleka kwa afisa maendeleo ya jamii, aliyemwunganisha na kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wenzake, akahamishia deni huko kwa masharti ya kibinadamu. Alianza kulala. Maumivu hayakuisha kabisa, na sitawadanganya. Lakini mwezi wa nne alikuja kunionyesha mkono wenye alama mpya ya mafuta ya moto: alikuwa ameinama kuchochea jiko la mkaa mwenyewe, bila kumwita mtoto.

Ndugu zangu, nimalizie kwa kazi iliyo mbele yetu. Kadi tunayoijaza kwa mgonjwa wa mgongo inauliza umri, uzito, mahali panapouma, picha imesemaje. Tumekubaliana katika kituo chetu kwamba kuanzia Jumatatu tutaongeza mistari mitatu: unalala vipi, unaogopa nini kuhusu mgongo wako, na nyumbani au kazini kuna mzigo gani. Tutaandika majibu kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na baada ya miezi sita tutakaa tuyasome, tuone nani amerudi kazini na nani bado. Nimechapisha kadi mia mbili; ziko kwenye meza pale mlangoni. Walioko Muheza, Pangani na Lushoto wachukue za vituo vyao, watuletee majibu kabla ya Ramadhani. Na wale waliosikiliza wakiwa wamesimama huko nyuma, naomba tuonane kabla hamjaondoka.